Karafuu Iliyoniwekea Nafasi

Usiku wa kuamkia Jumatano niliota nimekaa ndani ya shavu langu mwenyewe, nashona kofia. Shavu lilikuwa limevimba vya kutosha, nikatandika mkeka na nafasi ikabaki. Sikushangaa. Jino lilikuwa linaniuma tangu mwezi wa Mfungo Sita, na mtu akiumwa muda wote huo huzoea kila kitu.

Gego langu la juu lilikuwa limeegemea ukuta, jeusi, limebaki ganda tu. Likanisalimia kwa heshima, nikaitikia. Likaniambia limechoka, linaomba ruhusa liondoke.

Nikalijibu kuwa haiwezekani. Jirani yangu Bi Hidaya alishanionya kwamba jino la juu lina mshipa uliofungwa kwenye jicho, ukiling'oa na jicho linakufa. Na mimi watoto wangu nimewalea kwa sindano ya kofia. Jicho likifa, vile vitobo vidogo nitavionea wapi?

"Basi iulize karafuu," gego likasema.

Karafuu niliyoichomeka kwenye tundu kabla ya kulala inatoka, inajipangusa mate, inakaa kwenye pembe ya mkeka. Inasema imekuja kwa wema na inaondoka kwa wema.

"Sie hatutibu, bibie. Tunanyamazisha tu. Na sasa hata kunyamazisha hatuwezi, humu kumeoza mpaka kwenye mizizi."

Mara shavu si shavu tena, ni banda la fundi wa kuziba masufuria pale sokoni. Fundi kanipakata kichwa, anagonga gego kwa kinyundo na kusikiliza. Namwomba azibe. Anabandika kiraka, kiraka kinadumbukia ndani. Anabandika kingine, nacho kinadumbukia, na huko chini nakisikia kikiomba radhi.

Fundi hakuwa na haraka. Alinieleza kuwa jino likitoboka kidogo huzibwa, na mtu akaendelea kula kashata zake. Likilegea mpaka fizi ikashindwa kulishika, hutoka. Likiota pasipo na nafasi likawa linawasukuma wenzake, pia huenda likatolewa.

"Lakini hili lako nizibe nini?" akasema. "Kiraka kinataka bati, na hapa bati limekwisha."

Nikamwambia habari ya mshipa. Kabla hajajibu, jicho langu la kulia likashuka ngazi taratibu, limejifunga kitambaa, linachechemea. Lilikuwa na hasira, ila lilijizuia mbele za watu.

"Mie na huyo hatuna udugu," likasema. "Tunakaa jirani tu. Kuondoka kwake hakunidhuru. Kubaki kwake ndiko kutanipofua, maana usaha wake unapanda, na leo umenifika mlangoni."

"Na mshipa?"

Likanionyesha uzi mweupe unaoning'inia. Nikaushika, nikavuta. Ukafumuka wote bila kuuma, na mwisho wake palikuwa na fundo. Nikalitazama lile fundo nikalijua. Ni langu, ninavyofunga mimi nikimaliza ua la kofia. Uzi wenyewe ni ule ule wa kwenye kikapu changu. Woga ulikuwa umenishonesha mshipa usiokuwapo, na mshono mzuri kweli.

Nikaona haya. Nikaligeukia gego, nikakumbuka miwa yote, pweza wote, ubuyu wote lilionitafunia tangu nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani.

"Sikuwahi kukwambia ahsante," nikasema.

"Hujachelewa," likajibu. "Ila usinirushe juu ya paa. Paa linapokea meno ya watoto."

Karafuu ikasimama, ikasema inatangulia kuniwekea nafasi, kama tunavyoweka ndoo bombani na kurudi nyumbani. Ikatoka nje ya mdomo wangu kwa miguu.

Nikaamka. Jicho la kulia halifunguki kwa uvimbe. Nikapeleka ulimi kwenye tundu, tupu. Nikapapasa mto na shuka, nikakung'uta na kanga. Karafuu hakuna.

Bi Hidaya alinisindikiza hospitali, na njia nzima alikuwa ananisimulia mshipa. Sikubishana naye. Kunisindikiza tu ni wema mkubwa.

Kwenye benchi la daktari wa meno wanawake walikuwa wamebanana, wengine wamesimama na watoto mgongoni. Lakini mbele kabisa, karibu na mlango, palikuwa na pengo la mtu mmoja. Nikauliza kwa nini hapakaliwi.

"Hapo pana mwenyewe," akasema mama mmoja nisiyemjua. "Sie tumekuja alfajiri, tumeikuta."

Juu ya ubao wa benchi palikuwa na karafuu moja, bado imelowa mate.

"Ni yangu," nikasema.

Nikaifunga kwenye pembe ya kanga, nikaishukuru kwa moyo wangu wote, nikakaa.