Njia ya Nane

Asubuhi ya kufungua Michezo ya Ujirani, mchora mistari alikoroga chokaa kwenye karai, akaimimina ndani ya kigari chake na kuanza kukisukuma kuzunguka uwanja. Alipofika kona ya mwisho alisogea pembeni kidogo, kwa mazoea. Kaka yake akapita mbio katika njia ya nane, fulana imemganda mgongoni kwa jasho, kama kila siku tangu alipokufa.

"Dada, imebaki mizunguko mingapi?"

"Bado kidogo, kaka."

Kaka alianguka kwenye kona hiyo katika michezo ya kwanza kabisa, wakati nchi zilikuwa nne na bendera bado zikinuka upya. Siku ile wakimbiaji walisimamishwa mstarini tangu asubuhi. Desturi ni kwamba mgeni rasmi humpa mkono kila mkimbiaji, kisha hufyatua bastola mwenyewe. Kabla hajapita, hakuna anayekaa wala kunywa maji. Mgeni alifika jua likiwa utosini. Kaka alizikwa Jumatatu. Jumanne alikuwa uwanjani, anamalizia mbio zake.

Hakuna aliyemsumbua. Michezo ilihamia kwa majirani, ikarudi. Majirani wawili wakapigana vita, michezo ikafutwa, nyasi zikaota hadi magotini, naye akazikanyaga mpaka ukabaki mchirizi mmoja mwembamba. Michezo ilipofufuliwa kwa nembo mpya, nchi zilikuwa saba, na wajumbe walikubaliana haraka jambo moja tu: njia ya nane iachwe wazi. Mashabiki wakamzoea. "Mchezaji pekee asiyedai posho," walitaniana jukwaani.

Desturi ya kumsubiri mgeni rasmi haikuguswa.

Safari hii binti wa mchora mistari, mwembamba hata wakamwita Njiti, alichaguliwa kukimbia mbio ndefu. Ndiyo maana mama yake, ambaye hakuzoea kusema mbele za watu, alinawa chokaa mikononi, akapanda ngazi hadi kwa katibu wa michezo.

"Shikamoo mzee. Naomba mbio ndefu zianze mapema, kabla jua halijawa kali."

"Marahaba. Na bastola atafyatua nani? Wewe?"

"Basi wanywe maji wakati wanasubiri. Kaka yangu…"

Katibu alitazama dirishani. Kaka alikuwa akikata kona. "Mbona anakwenda vizuri tu, mama? Hata mimi pumzi hiyo sina."

Mama alishuka. Njiti alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Mwanangu, ukichoka, kaa chini."

"Nikikaa wananitoa. Unataka unitie aibu mbele ya nchi saba?"

"Aibu huisha."

"Mjomba alikaa?"



Wakimbiaji walisimama. Mgeni rasmi alikuwa bado mezani. Jukwaani watu walijifunika magazeti. Mama akaja na kikombe cha maji, amekificha kwenye upindo wa gauni. Askari alimwambia kwa upole ayamwage, akayamwaga. Maji yalifuta kipande cha mstari, askari akamwomba auchore upya, naye akauchora.

Jua lilipofika utosini, mgeni aliwasili. "Vijana mna mikono ya moto!" alisema akiwasalimu, watu wakacheka. Bastola ikalia.

Njiti alianguka kwenye kona ya mwisho. Kaka, ambaye hata vita havikumpunguza mwendo, akapunguza mwendo, akamngoja. Njiti akainuka, akajipangusa magoti, akamfuata. Mwili wake ulibaki chini. Wabeba machela waliupitisha mlango wa nyuma, maana mbele palikuwa na shughuli ya kuvisha medali.

Baada ya mazishi, katibu alikwenda mwenyewe kutoa pole.

"Kamati imesikitika sana, mama. Tumepitisha kwa kauli moja iongezwe njia ya tisa. Chokaa itatosha?"

"Itatosha."

Kesho yake mama alikoroga chokaa, akachora njia ya tisa kuzunguka uwanja wote. Kwenye mstari wa kuanzia, mwalimu wa mbio alikuwa akiwafundisha wakimbiaji wapya namna ya kusimama muda mrefu bila kukunja magoti. Mama alipofika kona ya mwisho alisikia nyayo za watu wawili nyuma yake. Akasogea pembeni, mbali zaidi kuliko alivyozoea.

"Mama, imebaki mingapi?"

"Bado kidogo, mwanangu."