Mkaja wa Dorotea

Aliyemfanya Evelina aichukie harusi yake mwenyewe alikuwa baba yake mdogo, Luhende, na wala hakuwa na nia mbaya. Siku ya kikao cha mahari, nyumbani kwao Kiseke, alisimama sebuleni, akawageukia wageni wa upande wa Gidion, mchumba wa Evelina, akasema, "Na mkaja wa mama atapokea Suzana."

Mkaja ni haki ya mama aliyefunga tumbo baada ya kukuzaa. Suzana hakumzaa Evelina. Aliolewa na Mashimba, baba wa Evelina, baada ya mama mzazi, Dorotea, kwenda visiwani kununua dagaa na mtumbwi wao kupinduka ziwani. Mwili haukupatikana, na kaburi hakuna. Leo hii mkaja wake unagawiwa mbele ya pilau na soda! Damu ilimchemka Evelina, lakini binti anayetolewa mahari hana mdomo kikaoni. Akatabasamu, akapokea pongezi, na jioni ile ile akamwambia Gidion kwamba harusi hiyo haitaki.

"Nitoroshe," alisema.

Gidion, fundi wa kuchomelea mageti kule Igoma, alikuna kichwa kwanza, kisha akakubali. Wangefunga ndoa bomani, wapande meli kwenda Ukerewe kwa kaka yake, wazime simu. Wakishatulia ndipo wazee wangetumwa kwa Mashimba kumwambia, kama ilivyo desturi, mtoto wenu yuko kwetu, msihangaike. Wakapeleka maombi, wakaambiwa wasubiri siku za tangazo zipite. Evelina, ambaye ni mshonaji, akaanza kuhamisha nguo zake kidogo kidogo katikati ya vitambaa vya wateja.

Walipanga yote, wakasahau moja. Tangazo la ndoa hubandikwa ubaoni, nje, hata mbuzi akitaka atalisoma. Na anayewauzia makarani wa boma chai na maandazi kila asubuhi ni Suzana.

Juma la mwisho Suzana alimfuata Evelina uani, akamkuta anaanua nguo.

"Nimeliona jina lako pale ubaoni," alisema. "Kila siku naliona, na nguo zako naona zinapungua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Evelina aliacha kuanua. "Umemwambia baba?"

"Sijamwambia. Na mkaja sikuuomba, mwanangu. Luhende alinitaja tu, nikaona aibu kukataa mbele za wageni. Ungenifuata, ningesema hapana."

Miaka yote Evelina alimwita mama mdogo, na kila mara alihakikisha hilo neno "mdogo" linasikika vizuri. Sasa aliona haya.

"Nenda ukaolewe," Suzana aliendelea. "Lakini usipotee. Wewe, mama yako alipopotea, ulipelekwa kwa bibi yako kule Magu, hukumwona baba yako. Mimi nilikuwa jirani, nilimwona. Alitembea ufukweni kuanzia Pasiansi, anauliza kila mvuvi, anafunua kila turubai. Hata nilipoolewa hapa alikuwa bado anakwenda. Sasa aamke akute kitanda chako kitupu na simu haipatikani! Huyo ataelekea ziwani moja kwa moja. Na wazee mtakaowatuma watamkuta wapi?"

Evelina aliketi chini palepale, nguo mapajani. Alipanga safari ile kwa ajili ya mama yake, na kumbe alikuwa anataka kumtesa baba yake vilevile ziwa lilivyomtesa. Alilia kwa sauti, na Suzana hakumnyamazisha.

Kesho yake jioni alipiga magoti mbele ya Mashimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akasema yote: boma, siku yenyewe, na mkaja ambao hataki upokewe na mtu yeyote. Suzana alisimama mlangoni. Ng'ombe walikuwa wameshakubaliwa, kamati ya harusi imeshaundwa, ndugu wa Magu wameshaalikwa. Mzee alikuwa na kila haki ya kufoka, na Evelina alingoja, kichwa chini.

"Umenitia aibu," Mashimba alisema hatimaye. "Aibu kubwa." Kisha sauti ikashuka. "Mkitoka bomani mnakwenda wapi? Mtapita majini?"

Evelina alizikumbuka tiketi mbili za meli zilizokuwa kwenye pochi yake.

"Hapana, baba. Tutapita barabarani. Tutakwenda Rorya, kwao Gidion, kwa basi."

Mashimba alitikisa kichwa kukubali, akakitikisa tena na tena.

"Mkifika unipigie," alisema. "Nisikie sauti yako wewe. Asitumwe mtu kuja kunieleza."