Kijidirisha cha Kiti cha Nyuma

"Hivi hilo gari lenu linakwenda kwa mafuta au kwa maombi?"

Jirani muuza mitungi ya gesi ndiye aliyeuliza, siku ile gari lilipoingia uani mara ya kwanza, kimya kimya, likamkuta ameinama anafagia. Alishtuka mpaka ufagio ukamponyoka. Mwenye gari, aliyekuwa hai wakati huo na anatamba kama bwana harusi, akamweleza kwamba ni haibridi: lina injini ya petroli na betri kubwa nyuma, likienda polepole linatumia umeme, hata paka hasikii. "Basi mkeo ashike maombi, wewe ushike petroli," jirani akasema.

Sasa mume hayupo, gari limezeeka, na yote mawili yamemwangukia mjane. Mtaani wanamwita Mama Sare kwa sababu anashona sare za shule. Gari ndilo mguu wake. Hupakia majora ya vitambaa kiti cha nyuma akitoka kununua, na sketi na kaptula zilizokwisha akienda kuzigawa shule kwa shule. Bila gari, shule zingetafuta mtu mwingine, naye angebaki kutia viraka suruali za majirani.

Ndipo pembetatu nyekundu ikaanza kuwaka mbele ya usukani, na gari likawa linaishiwa nguvu mlimani.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kulitazama. Alilitazama amesimama, mikono mfukoni.

"Shemeji, betri imekufa. Haibridi ikifa betri ni banda la kuku. Nimeshapata mtu atakayelichukua kwa ajili ya vipuri. Jumamosi nakuja naye."

"Umelifungua, shem?"

"Nifungue nini? Gari limezeeka."

"Hata mimi nimezeeka. Utanitafutia na mimi mtu wa vipuri?"

Shemeji alicheka, lakini akatungua ufunguo wa akiba kwenye msumari ukutani, akautia mfukoni. Mama Sare hakubishana. Huyu ndiye aliyekwenda na kaka yake kulichukua gari lile, na katika ukoo akishasema, wengine hunyamaza. Ila lile neno "imekufa" lilimkaa vibaya. Alikuwa amekiona kifo kwa karibu, ameshika mkono wa mumewe mpaka mwisho. Aliyekufa hahemi. Na garini, nyuma ya kiti cha abiria, kulikuwa na kitu kinavuma, kinahema.

Akaanza kukichunguza. Siku ya kwenda ibada, kiti cha nyuma kina watu bila majora, ule mvumo ulikuwa mdogo na pembetatu haikuwaka. Siku ya majora, kitu kilivuma kama mgonjwa wa pumu aliyekimbizwa na mbwa. Kwa nini? Majora si mazito kuliko watu. Na waumini wenzake aliokuwa akiwapa lifti, Mungu awabariki, baadhi yao walikuwa wazito kwelikweli.

Asubuhi moja aliliwasha, akahamia kiti cha nyuma, akalala ubavu na sikio kwenye kitambaa. Jirani akachungulia dirishani.

"Mama Sare! Umekosa kitanda?"

"Nalisikiliza."

"Linasemaje?"

"Linalalamika. Sijajua linalalamikia nini."

"Mwenyewe angekuwepo angetutafsiria."

Jirani alisema kwa mzaha, akaenda zake. Mama Sare alibaki pale pale amelala, maana maneno yale yalimletea picha. Mumewe, kila Jumamosi, amepiga magoti mlango wa nyuma na brashi ya rangi iliyo kavu, anapitisha kwenye kijidirisha cha plastiki ubavuni mwa kiti. "Baba, unaipaka hewa rangi?" alikuwa akimtania. "Nalipangusa pua," mume alijibu, wote wakacheka. Na palikuwa na jingine: hakupenda mzigo uwekwe upande ule. Mkewe alidhani anahurumia kiti. Baada ya msiba ndipo alipoanza kuegemeza majora hapo hapo, kwa kuwa yalikaa vizuri.

Akanyoosha kidole mpaka kwenye kijidirisha. Kucha ikanasa uzi wa rangi ya damu ya mzee. Akauvuta. Ukaja na wenzake.

Alimwita Tochi, fundi wa umeme wa magari, aliyepata jina hilo kwa kuvaa taa kwenye paji la uso hata saa sita mchana.

"Mama, pembetatu hiyo mara nyingi ni betri," Tochi alisema. "Nimeziona nyingi."

"Sawa, mwanangu. Lakini kabla hatujazika, tufunue uso tuhakikishe."

Tochi akacheka, akakubali. Alizima gari, akauweka ufunguo mbali, akavaa glavu nzito za mpira, akachomoa kizibo cha rangi ya chungwa kinachokata umeme mkubwa. Wakangoja kwanza, umeme uliobaki utulie. Kisha akafungua ubavu wa kiti, taa ikamulika ndani.

"Kinachovuma kiko wapi?" Mama Sare aliuliza.

"Ni feni. Hata mimi naitafuta."

Feni ilikuwa imevikwa. Tochi alivuta kitu kinene, laini, kikatoka kizima kama kigodoro cha paka. Mama Sare akakipokea, akakipeleka kwenye mwanga. Juu kilikuwa chekundu cha damu ya mzee. Chini yake kijani. Chini zaidi bluu. Mwisho kabisa, ukungu mwembamba wa kijivu, vumbi la kawaida tu.

"Hii nyekundu ni shule ya mlimani," alisema polepole. "Kijani ni wale waliobadili sare. Bluu ndiyo niliyoanza nayo baada ya msiba. Na hii ya kijivu..." Akaigusa kwa ncha ya kidole. "Hii ndiyo iliyoiponyoka brashi ya mume wangu. Mwanangu, nimelivisha gari sare puani!"

Tochi alicheka mpaka taa ikamshukia machoni. Kisha akatulia. "Feni hii inavuta hewa ya humu ndani kuipoza betri. Ikiziba, betri inachemka, gari linajizuia. Ila sikudanganyi, mama. Imechemka muda mrefu, huenda imeshaharibika. Kilima ndicho kitakachosema."

Aliisafisha, akarudisha kila kitu, wakapanda kilima cha tangi la maji, pale gari lilipozoea kuishiwa nguvu. Mama Sare aliendesha midomo ikimcheza kwa sala. Kwenye kona ambayo pembetatu huwaka, alikaza mikono. Kona ikapita. Tangi likapita. Tochi, macho kwenye kifaa chake cha kupimia, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Imechoka, haitarudi ujana. Lakini haijafa."

Jumamosi shemeji aliingia chumba cha kushonea. "Shemeji, mtu yuko nje na gari la kuvutia."

"Limepona, shem."

"Gari halijiponyi."

"Ufunguo si unao? Lijaribu."

Akaingia garini, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Kimya.

"Si unaona? Limekufa."

"Kuna kijitaa cha kijani hapo mbele yako, maana yake limeshawaka," Mama Sare alisema akiwa mlangoni. "Tia gia ya nyuma, uachie breki."

Alifanya hivyo kwa uso wa mtu anayembembeleza mtoto. Gari likateleza kinyumenyume bila sauti kuelekea kwenye mitungi ya gesi. "Eh! Eh!" Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Shemeji wa watu!" jirani alipiga kelele, amekumbatia mtungi. "Hayo ndiyo yale maombi! Yaendeshe taratibu!"

Shemeji alikaa garini kitambo, kichwa amekigeuza kuelekea nyuma, anasikiliza. Kisha akazima, akarudi chumbani. Juu ya meza, kando ya cherehani, palikuwa na kile kigodoro na brashi kavu.

"Brashi hii ni ya kaka."

"Ndiyo. Alikuwa akilipangusa pua kila Jumamosi. Leo zamu yangu."

Shemeji aliinama, akakichukua kigodoro, akakigeuza upande wa rangi zote, akazigusa moja moja kwa kidole gumba mpaka akafika kwenye kijivu. Huko nje mtu wa vipuri alipiga honi. Shemeji hakuinua kichwa.

"Hiki chote kilikuwa humo ndani?"

"Chote, shem."

Honi ikapigwa tena. Akakirudisha kigodoro mezani taratibu, akatoa ufunguo mfukoni, akautundika kwenye msumari wake, akatoka.