Maji ya Mashini

Stesheni ya Kamilopa, kwenye njia ya Sakania, haikujengwa kwa ajili ya watu, asikudanganye mtu. Ilijengwa kwa sababu mashini za mvuke, zikitoka Lubumbashi na mabehewa ya shaba, zilishikwa na kiu pale pale. Mashini ilikunywa kwenye tangi, na kabla haijaondoka mashinisti, dereva wake, aliwafungulia akina mama bomba la maji ya moto. Kila mtoto wa Kamilopa aliogeshwa mara ya kwanza kwa maji hayo. Asiyeogeshwa, walisema, si wetu, ni mpita njia.

Kisha zikaja mashini za mazuta, yaani za dizeli. Hizo hazina kiu, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Stesheni ikafungwa, mlango ukapigiliwa misumari, watu wakahama. Akabaki Mwenze wa pampu, aliyeendelea kujaza tangi bila kuulizwa na mtu, pamoja na mkewe Julienne, mjamzito.

Mtoto alizaliwa Jumatatu, Jumatano alfajiri akafa. Julienne hakulia. Alilitafuta chozi, hakuliona. Alitaka kitu kimoja tu: mwanawe asizikwe kama mpita njia. Akachukua beseni, akaenda kusimama kando ya reli.

Treni ilipotokea, Mwenze alipunga kitambaa chekundu mpaka ikasimama.

“Kuko nini, papa?” mashinisti akauliza dirishani.

“Tunaomba maji ya moto. Mutoto wetu amekufa, bado kumunawisha.”

Mashinisti akavua kofia. “Pardon, mama. Iyi mashini haina maji ya kupana. Iko mazuta tu.”

Treni ikaenda zake. Julienne akabaki na beseni lake kavu. Hata hasira hakuwa nayo.

Mwenze akamwuliza mkewe, “Ile maji ya moto, ilikuwa inatokaka wapi?”

“Mu mashini.”

“Na mashini ilikuwa inakunywaka wapi?”

Hakungoja jibu. Alilisogeza beseni chini ya tangi, akavuta mnyororo. Maji yakashuka kwa kishindo kama zamani, yakawalowesha wote wawili.

Wakayachemsha juu ya mbabula, jiko lao la makaa, mbele ya ule mlango wa misumari. Julienne akamweka mtoto mapajani, akachovya kiwiko ndani ya beseni kupima joto, kama alivyofundishwa na mama yake.

“Leta ya baridi,” alisema. “Itamuunguza mutoto.”

Mwenze akamtazama mtoto, akamtazama mkewe. Akachukua kopo, akaenda tangini kuleta ya baridi.