Gwanda la Sajini

Mafundi cherehani ni waongo, dunia nzima inajua. Ukiambiwa njoo kesho, ujue kitambaa chako hakijaguswa. Lakini uongo wa fundi huyu ulikuwa na kazi yake. Gwanda la Sajini alilimaliza zamani, ila kila mara mzee huyo alipokuja kulijaribu, alikuta limeharibiwa makusudi: leo kola inakaba, kesho kwapa linabana. Fundi alitaka arudi, asimame mbele yake, aongee.

Maana katika askari walioilinda kambi ya jeshi iliyokuwa hapo zamani, Sajini ndiye pekee aliyebaki hai. Siku hizi kambi ni kituo cha utamaduni cha jiji. Ghala la silaha limekuwa chumba cha ushonaji, karakana ya magari imekuwa ukumbi wa ngoma, na palipokuwa mahabusu panauzwa kahawa. Sajini naye kaajiriwa asimame getini awapigie wageni saluti. Watoto wanamwita babu. Wengine dunia huwalea hivyo, bila haya.

Kaka yake fundi aliingizwa kwa geti hilohilo, kafungwa mikono, akiacha mtoto wa kike anayenyonya. Hakutoka. Mke wake akafa kwa kihoro, na mtoto akalelewa na shangazi yake, ndiye fundi huyu, kwa cherehani. Binti alipokua aliomba jambo moja tu: alijue kaburi la baba yake. Shangazi akaapa atalipata. Ndiyo maana aliomba kazi pale, akamwita muuaji baba, akacheka vichekesho vyake visivyochekesha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hadi mgongo ukamuuma.

Siku ya ufunguzi rasmi wa kituo Sajini alikuja kulichukua gwanda. Fundi alipiga magoti kuweka pindo sawa, pini zimejaa mdomoni. Ng'ambo ya ukuta, ukumbini, wasichana, binti akiwa mmoja wao, walikuwa wakifanya mazoezi ya mwisho ya ngoma, na vishindo vya miguu yao vilitikisa kioo.

"Kola imekaa leo," alisema Sajini akijitazama. "Ingekaa siku zote, kama usingekuwa unaiharibu."

Fundi akaganda. Mzee akacheka taratibu, akamweleza kwamba alimjua tangu siku ya kwanza. Macho yale ni ya kaka yake hasa. Alikuja kila alipoitwa kwa sababu nyumbani kwake hakuna anayemsikiliza, na hapa alisikilizwa vizuri.

Fundi akatemea pini kiganjani. "Yuko wapi?"

"Hapo ukumbini. Palikuwa na shimo la kukagulia magari. Tulimlaza humo, tukamwaga zege." Alisema kama anayemwelekeza mtu duka. Akaongeza kwamba wajenzi wa kituo waliikuta mifupa, na mkurugenzi akawaamuru wazidishe zege, kwa hiyo fundi asijisumbue kwenda kushtaki ofisini.

Kisha sauti yake ikalainika.

"Mimi si mnyama, fundi. Yule binti yenu walimpanga nyuma kabisa. Mimi ndiye niliyemwombea kwa mwalimu. Nikamwambia huyu mweke mbele, katikati. Shimo liko pale pale. Angalau awe karibu na baba yake."

Akangoja kushukuriwa. Fundi alikuwa amekunja ngumi, pini zote zimemwingia kiganjani, na hakusikia maumivu. Alichosikia ni vile vishindo, na sasa alijua vinatua wapi.

Mlango ukafunguliwa. Binti aliingia akitweta, uso unang'aa kwa jasho, akamwamkia babu shikamoo. Sajini akaitikia marahaba, akampapasa kichwa, akatoka kwenda getini na gwanda limemkaa sawasawa.

"Shangazi, mwalimu kanisifu. Anasema hakuna anayekanyaga kama mimi." Kisha akashusha sauti, kama alivyofanya kila mara Sajini alipotoka chumbani humo. "Amesema?"

Shangazi aliinama, akashika pindo la sketi ya mtoto wake wa kulea, akaanza kulishona ingawa halikuwa limefumuka. Damu ilichafua kitambaa.

"Bado, mwanangu. Kesho."

Ngoma ikaanza kulia.

"Leo ukanyage polepole," shangazi alisema.

Binti akacheka. Ngoma ile haichezwi hivyo, akasema, akatoka mbio, akaenda kusimama mahali pake, mbele, katikati.