Bisibisi Kwenye Mzinga

Trekta la shamba la ngano lilisimama mbele ya mgunga wa Bibi Kornelia, Mlima Hanang ukiwa umejifunika mawingu hadi mabegani. Dereva alitaka kuung'oa. Kwenye tawi la chini ulining'inia mzinga wa gogo wa marehemu mume wa bibi.

"Nyuki wakiwamo nitazunguka," alisema dereva. "Ukiwa mtupu, nang'oa."

Kwa baridi ile hakuna nyuki aliyetoka. Zamani bibi angeweka sikio kwenye gogo, lakini masikio yake yalikuwa yameziba tangu masika.

"Shikamoo, bibi!" Nikolausi, fundi wa trekta, alipaza sauti.

"Marahaba. Usiningurumie, mimi si injini."

Fundi akacheka. Akachukua bisibisi ndefu anayosikilizia injini, akagusisha ncha kwenye mzinga, akaweka sikio kwenye mpini. Kisha akamsogeza bibi karibu, akaushikisha mpini ule kwenye mfupa nyuma ya sikio lake.

Mwanzoni kulikuwa kimya. Kisha mvumo wenye joto ukamwingia kichwani polepole, kama maziwa yanavyojaa kibuyuni. Bibi akafumba macho. Akamwona mumewe juu ya tawi, kijana tena, akipuliza moshi na kumwita kwa jina.

"Wamo," alisema bibi.

Dereva akamgeukia fundi. "Na wewe umesikia nini?"

"Mwenye mzinga ameshasema."

Trekta likauzunguka mgunga taratibu. Ngano ilipoota, mistari yake ilipinda pale, na bibi kila alipopita alijigusa nyuma ya sikio.