Sahani ya Anouar

Alasiri ile Zubeda alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake, mtaa wa Buyenzi, akichambua ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Alitoa mchanga na vijani kimoja kimoja, kwa sababu ndagala wenye mchanga humharibia mtu jino na siku nzima. Jikoni mafuta ya mawese yalikuwa yameshaanza kunukia. Hapo ndipo maji yalipopanda kwenye avenue, barabara ya mbele ya nyumba, meusi, ya baridi, bila kelele, yakafika kidato cha pili cha ngazi yake yakasimama.

Ng'ambo, fundi Idi aliinua pikipiki za watu akaziweka juu ya matofali.

"Tanganyika imepanda tena," alisema.

Raihana, jirani wa ukuta mmoja, alichovya kidole akalamba. "Apana. Haya iko na chumvi."

"Basi ni ingine," Idi akasema, akarudi kwenye tairi lake.

Nyuma ya mapaa ya mabati ilisimama milima ya mawe, imenyooka kama kuta, theluji juu, maporomoko membamba yakining'inia kama nyuzi nyeupe. Msikiti ulionekana mdogo. Kisha ikaja boti nyeupe ya kitajiri, ndefu kuliko nyumba tatu, ikapita polepole katikati ya avenue. Nyuma kabisa, kwenye mlango wa jiko lake, alisimama Anouar, mtoto wa Zubeda, ameshika ndoo.

Mwaka wa nne sasa Anouar alikuwa mpishi kwenye boti hiyo, huko Norvège, Ulaya. Mwenye boti hutembeza wageni kwenye ile mikono ya bahari inayoingia katikati ya milima, kaskazini kabisa, ambako jua la kiangazi halitui. Kwenye simu Anouar alizoea kusema kwamba huko hakuna mtu, hata mbwa. Kwamba njia hiyo inapitia Buyenzi, Zubeda alikuwa hajaambiwa.

"Asalam aleykum, mama."

"Waleykum salam. Umekonda. Umekula?"

"Nimepika ya wengine."

Boti haikusimama, ila ilikwenda taratibu, maana wageni walikuwa wakipiga picha. Anouar akashusha ndoo kwa kamba. Zubeda akaweka ndani yake sahani ya bati yenye maua mekundu: bugali, ndagala, mboga ya lengalenga pembeni. Anouar alikula amesimama, akitazama nyuma ya bega. Boti ilipofika kwa Raihana, sahani ilikuwa imeshashushwa, imeoshwa, na ndani yake pande la barafu la rangi ya buluu. Buyenzi sahani ya mtu hairudi tupu, na Anouar alikuwa hajasahau. Raihana aliipitisha juu ya ukuta. Ile barafu Zubeda aliitia mtungini, ikakaa juma zima bila kupungua.

Ikawa hivyo kila alasiri. Idi akazoea kuinua pikipiki kabla maji hayajaja. Mara sahani ilirudi na samaki mkavu, mgumu kama kandambili, ambaye Zubeda alimloweka mpaka akakubali. Mara ilirudi na matunda madogo ya rangi ya chungwa, mara na jiwe tu, laini, lililosuguliwa na maji. Maji yaliposhuka yaliacha mstari wa chumvi ukutani, naye akaupangusa kwa kitambaa.

Lakini hakutaka samaki wala jiwe. Alitaka Anouar ashuke. Chumba chake kilikuwa kimefagiliwa, chandarua kimefuliwa.

"Shuka, mutoto wangu. Kidato ni hiki hapa."

"Paspoti iko mu sanduku ya patron mwenye boti, mama. Anasema atanipa kontra ya kazi ikiisha. Ikiisha, anaongeza ingine."

"Shuka bila hiyo."

"Nikishuka bila hiyo, watasema sijashuka."

Basi Zubeda alijitanda mtandio wake mzuri, akapanda basi hadi ofisi moja ya uhamiaji karibu na maghala ya Zone Industrielle. Mtumishi wa hapo, Pontien, mtu mpole, alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya karanga.

"Boti hiyo haikuingia bandarini, mama. Kwa hiyo haijafika Burundi."

"Inapita mbele ya mulango wangu."

"Mulango wako si mupaka." Akamsogezea karanga. "Mutoto alete paspoti, tutamugongea muhuri palepale."

Kesho yake bibi mmoja wa kizungu aliegemea ukingo wa boti, amejifunika blanketi, karibu hata Zubeda akaona uzi wa miwani yake. Alitazama baraza, akamtazama Zubeda, akamtazama Idi na pikipiki zake. "Il n'y a personne," akamwambia mumewe kwa furaha. Hakuna mtu.

"Bonsoir, madame," Zubeda alisema, kama alivyofundishwa shule ya msingi.

Yule bibi akavuta blanketi lake vizuri.

Halafu ikafika alasiri ambayo ndoo ilishushwa na mwanamume mfupi, mwenye kofia ya sufu. Zubeda akamuuliza Anouar yuko wapi. Mtu huyo hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Alisema "Anouar," akakutanisha viganja vyake kama boti nyingine, akaipeleka boti hiyo mbali, nyuma ya milima. Kisha akaitazama sahani.

Boti ilikuwa inakwenda. Zubeda akaiweka sahani ndani ya ndoo.

Yule mtu alikula amesimama, akitazama nyuma ya bega.

"Ameirudisha tupu," Raihana alisema kutoka ukutani.

"Hajafundishwa."

"Mutu muzima?"

"Labda hana kitu, Raihana. Lete sahani."

Kesho yake maji yalipopanda, Zubeda alikuwa ameshapakua sahani mbili. Moja ilikwenda kwenye ndoo. Ya pili aliifunika kawa, akaiweka juu ya ukuta wa baraza, upande wa kaskazini, akakaa karibu nayo kufukuza nzi. Boti ikapita, wageni wakapiga picha za milima. Maji yakashuka. Idi akateremsha pikipiki. Zubeda akapangusa ile chumvi, akafunua kawa, akala ndagala wakiwa wameshapoa.